Mikono ya Mama si Mkanda

Leo hatuzungumzii chanjo wala uji wa mtoto. Tunazungumzia gari.

Huenda ukauliza, gari na afya vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Mtoto tuliyemkinga na surua na polio anaweza kuumia vibaya katika safari ya dakika kumi ya kwenda dukani. Siku hizi akina mama wengi wamepata leseni na wanaendesha wenyewe. Shule ya udereva inakufunza gia, breki na alama za barabarani. Leo tuongeze somo moja: mtoto aliye ndani ya gari, na mtoto aliye karibu na gari.

Swali la kliniki

Mama mmoja aliniuliza hivi: "Sista, mtoto akiwa mapajani mwangu na nimemkumbatia vizuri, si anatosha kuwa salama?"

Hapana, mama. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilicho ndani kinaenda kasi hiyo hiyo, pamoja na mtoto. Gari likigonga na kusimama ghafla, mtoto hasimami. Anaendelea mbele. Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa muda huo mfupi, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kama mzigo wa karibu kilo 200. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama anayeweza kuyashika, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Pia usimfunge mtoto pamoja nawe kwa mkanda mmoja. Mwili wako utambana kwenye mkanda na kumvunja mbavu.

Mtoto akae wapi?

Wakenya tulizoea habari za mikanda mwaka 2004, wakati Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alipoleta kanuni za matatu. Lakini mkanda wa gari umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto anahitaji kiti chake.

Mtoto mchanga akae kiti cha nyuma cha gari, katika kiti cha mtoto kinachomfanya atazame nyuma. Sababu ni kwamba kichwa chake ni kizito na shingo yake bado ni laini. Akitazama nyuma, kishindo kinapokelewa na mgongo wote, si shingo peke yake. Aendelee hivyo hadi miaka miwili au zaidi, kulingana na uzito na urefu ulioandikwa kwenye kiti.

Akikua, atumie kiti cha kutazama mbele chenye mikanda yake. Baadaye atumie kiti cha kumwinua, mpaka afike urefu wa karibu sentimita 150. Hapo mkanda wa gari utapita begani, si shingoni, na juu ya nyonga, si tumboni.

Usiweke kamwe kiti cha kutazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa. Mfuko huo hufunguka kwa nguvu nyingi na unaweza kumuua mtoto mchanga. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na onyo lake huenda limeandikwa kwa Kijapani. Tafuta herufi SRS kwenye dashibodi au kwenye usukani. Ukiziona, jua kuna mfuko wa hewa.

Ukinunua kiti kilichotumika, hakikisha hakijawahi kuwa katika ajali na mikanda yake haijakatika. Mvue mtoto koti zito kabla ya kumfunga, kisha mfunike shuka juu ya mkanda. Kama bado hujapata kiti, punguza safari zisizo za lazima, na watoto wakubwa wafunge mikanda nyuma, kila mmoja wake.

Mama mjamzito

Wengine huacha mkanda wakidhani utamwumiza mtoto aliye tumboni. Ukweli ni kwamba mkanda unawalinda nyote wawili. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Sehemu ya juu ipite katikati ya matiti. Usiupitishe juu ya tumbo.

Zunguka gari kwanza

Kabla ya kuwasha gari, lizunguke. Angalia tairi kama zina upepo wa kutosha na hazijaisha meno. Angalia kama kuna mafuta yaliyodondoka chini. Lakini zaidi ya yote, angalia watoto.

Mtoto mdogo aliye nyuma ya gari haonekani kwenye kioo. Akisikia mama anaondoka, hukimbilia gari akitaka kwenda naye. Kwa hiyo usirudishe gari nyuma mpaka ujue kila mtoto yuko wapi. Mtu mzima amshike mkono, mahali unapowaona wote wawili. Hata kama gari lina kamera, geuka utazame mwenyewe.

Gari si mahali pa kumwacha mtoto

Gari lililofungwa juani hupata joto haraka. Katika dakika 10 joto ndani laweza kupanda kwa nyuzi 10, na huendelea kupanda. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Haya hayatokei Mombasa au Garissa tu. Hata mahali penye baridi jua likiwaka yanaweza kutokea. Usimwache mtoto "dakika moja tu". Ukifika, weka mazoea ya kufungua mlango wa nyuma na kutazama, kila safari. Nyumbani, funga milango ya gari na uweke ufunguo mbali na watoto.

Gari likichemka njiani, usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yanayoruka yanaunguza uso na macho. Zima injini na usubiri ipoe kabisa.

Dereva mwenyewe

Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa amechoka, na usingizi haubishi hodi. Dawa kama Piriton na baadhi ya dawa za kikohozi huleta usingizi pia. Muulize anayekupa dawa kama unaweza kuendesha. Simu iwe mkobani. Mtoto akilia, egesha mahali salama kwanza, ndipo umhudumie.

Ajali ikitokea

Piga 999 au 112. Usimvute majeruhi kutoka garini, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Damu ikitoka, bana kidonda kwa kitambaa safi. Usimpe maji wala chakula. Mtoto apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu jeraha la ndani halionekani kwa macho.

Tukumbuke

Moja, mtoto akae nyuma, katika kiti chake. Mbili, mkanda kwa kila mtu, kila safari, hata fupi. Tatu, zunguka gari kabla ya kuliondoa. Nne, usimwache mtoto peke yake garini.

Mama, kama una swali, mwulize muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii aliye karibu nawe. Mweleze na baba wa watoto haya tuliyosema, na yule jirani anayewapeleka watoto shuleni.