Vita vya Kagera: Kwa nini kasi ya ndege haikutosha

VITA vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 hukumbukwa zaidi kwa mizinga, na kwa safari ndefu ya askari wa miguu kutoka Kyaka hadi Kampala. Yaliyotokea angani husimuliwa kwa nadra, ingawa pande zote mbili zilirusha ndege za kivita, tena ndege za ukoo mmoja.

Uganda ya Idi Amin ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 zilizotoka Umoja wa Kisovieti. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilikuwa na ndege za China zilizoundwa kwa mfano wa hizo za Kisovieti: F-5 iliyofanana na MiG-17, F-6 iliyofanana na MiG-19, na F-7 iliyofanana na MiG-21.

Kwa kasi, MiG-21 haikuwa na mshindani. Iliweza kufikia mara mbili ya kasi ya sauti, yaani zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa katika anga za juu. F-6 ilifikia takriban kilomita 1,500 kwa saa, na MiG-17 takriban 1,140, chini kidogo ya kasi ya sauti.

Hata hivyo, kasi haimaanishi wepesi wa kugeuka. Ndege inapokata kona hubebwa na mbawa zake, na kila mita ya mraba ya bawa ina mzigo wake. Kwa MiG-17 iliyo tayari kwa mapambano, mzigo huo ni kama kilo 240. Kwa F-6 ni kama kilo 300, na kwa MiG-21 yenye mbawa fupi za pembetatu huzidi kilo 350. Kadiri mzigo unavyopungua, ndivyo kona inavyokuwa fupi.

Aidha, ndege ikizidisha kasi mara mbili huku ikilala kwa ubavu uleule, mzunguko wake hupanuka mara nne. Ndiyo maana Aprili 1965, huko Vietnam, MiG-17 za zamani ziliweza kuziangusha F-105 za Marekani zilizokuwa na kasi kubwa kuzizidi.

Kwa hesabu hiyo, rubani wa MiG-21 alipaswa kushambulia kwa kasi na kutoweka, na rubani wa MiG-17 au F-5 alipaswa kumvuta adui katika mizunguko ya karibu. Lakini katika Vita vya Kagera ndege hazikuamua mambo kwa kupigana zenyewe kwa zenyewe. Kazi yao kubwa ilikuwa kupiga shabaha za ardhini, na hapo kasi iligeuka kuwa kikwazo.

Mfano ni daraja la Kyaka. Mto Kagera, ambao wakazi wa Nyakisasa na sehemu nyingine za Ngara huujua kwa maporomoko ya Rusumo, huelekea kaskazini kisha hugeuka mashariki na kupita Kyaka. Marubani wa Amin walijaribu kulibomoa daraja hilo kwa mabomu wakashindwa, huku wakikabiliwa na mizinga ya Tanzania. Daraja lilivunjwa Novemba 3, 1978 kwa baruti zilizotegwa kwa mikono.

Hali hiyo ilijirudia Machi 29, 1979, wakati ndege ya Libya aina ya Tu-22, yenye uwezo wa kuzidi kasi ya sauti, ilipotumwa kupiga maghala ya mafuta mjini Mwanza. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi.

Silaha iliyoogopwa zaidi na marubani haikuwa ndege nyingine. Ilikuwa kombora la begani aina ya Strela-2, lenye uzito wa kama kilo 15 pamoja na mtambo wake, linalofuata joto la injini. Askari mmoja aliyejificha kichakani aliweza kuitishia ndege iliyoruka chini.

Lakini kufanana kwa ndege kulikuwa na gharama yake. Askari aliye ardhini huwa na sekunde chache tu za kutambua kivuli kinachopita, na umbo la MiG lilikuwa lilelile kwa rafiki na kwa adui. Mwanzoni mwa vita, baadhi ya ndege za Tanzania ziliangushwa na wadunguaji wa Tanzania wenyewe. Kasi haikuwasaidia marubani hao, wala wepesi wa kukata kona. Walichokosa ni mawasiliano na alama ya kuwatambulisha kwa wenzao.

Aprili 7, 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka uwanja wa Entebbe, kituo kikuu cha jeshi la anga la Amin. Miongoni mwa ngawira walizozikuta hapo askari wa miguu zilikuwamo MiG-21, zikiwa zimeegeshwa ardhini.