Filme ya Predator ya mwaka 2025: kwa nini inagusa hata watu wa Rubaya na Bisie

Wasikilizaji wetu, vijana walitumiana kwa WhatsApp kipande cha filme. Jitu lenye meno ya nje na nywele kama kamba linatembea katika inchi ambayo si ya dunia hii, na mgongoni limebeba nusu ya mwanamke. Mwanamke huyo hana miguu, lakini anaongea, tena anafanya masihara. Wengi walituuliza: ile ni nini, ilitoka lini, inafika kwetu namna gani?

Swali la tarehe ni jepesi. Filme inaitwa Predator: Badlands, na ilianza kuonyeshwa katika sinema za Ufaransa tarehe 5 Novemba 2025, kisha Marekani tarehe 7. Maswali mengine yanaomba muda, juu ndani ya hadithi hii kuna kampuni moja ambayo mtu wa Masisi ao wa Walikale akisikia kazi yake hawezi kusema ni mambo ya mbali.

Zimwi la Arnold

Predator ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Kwetu wengi hawaijui kwa jina hilo, wanasema tu "ile ya Arnold mu pori". Arnold Schwarzenegger na makomando wenzake wanatumwa katika msitu wa Amerika ya Kati. Wanafikiri adui wao ni waasi, kumbe kuna kiumbe kilichotoka angani ambacho hakionekani kwa macho, na kinawamaliza mmoja mmoja. Aliyevaa ngozi ya kile kiumbe aliitwa Kevin Peter Hall, Mmarekani mweusi mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Mwishoni anatokea kwa sura yake mwenyewe, ni rubani wa elikopta inayokuja kumchukua Arnold.

Mimi hilo nililijua nimeshakuwa mtu mzima. Mara ya kwanza niliiona kwa televizyo ndogo, watu wamejaa hata mlangoni, na grupe ikazimika wakati Arnold anajipaka matope mwili mzima. Mafuta yalikuwa yameisha. Mwenye sale akatuambia turudi kesho, kesho yake akaweka filme ya karate. Nilikaa miaka mingi nikiamini Arnold alikufa.

Kuna kanuni moja katika filme ile ambayo watoto wa huku tuliishika haraka: kile kiumbe kinawinda mwenye silaha tu. Mwanamke mmoja aliyetekwa na makomando anabaki mzima kwa sababu hana bunduki mkononi. Katika sale watu walijadiliana sana juu ya hilo. Mtu wa Hollywood analiona kama heshima ya mwindaji. Mtu aliyekimbia Nyabiondo ao Kitshanga na godoro kichwani analiona kama jambo la ajabu kuliko chombo cha angani, maana huku kwetu asiye na bunduki ndiye anayeanza kulipa.

Baada ya ile zilikuja nyingine, mwaka 1990, 2010 na 2018, na kusema kweli si zote zilistahili mafuta ya grupe. Iliyoamsha mambo ni Prey, ya mwaka 2022, iliyotengenezwa na Dan Trachtenberg, huyu huyu aliyeleta Badlands. Ilirudi nyuma hadi mwaka 1719, kwa binti wa kabila la Wacomanche, wenyeji wa Marekani, na hakuna komando hata mmoja. Filme nzima ilitolewa pia kwa lugha ya Wacomanche, lugha ambayo wasemaji wake leo ni wachache kabisa. Tutarudi kwenye hilo.

Safari hii mambo yamegeuzwa. Kwa mara ya kwanza kiumbe chenyewe ndicho shujaa. Anaitwa Dek, ni kijana, na watu wa ukoo wake wanamdharau. Yule mwanamke wa mgongoni anaitwa Thia, anachezwa na Elle Fanning. Si mtu bali ni mashini yenye sura ya mtu, na aliyemtengeneza ni kampuni Weyland-Yutani. Kwa jina hilo, waliozoea hizi filme walishtuka.

Kampuni ya mawe

Weyland-Yutani haitoki katika hadithi za Predator. Inatoka katika ndugu yake, Alien, iliyoanza mwaka 1979. Familia hizi mbili zilikwisha kupiganishwa katika filme ya 2004 na ya 2007, na kwa maoni yangu hakuna aliyepoteza kitu kwa kukosa kuziona. Ila Alien ya kwanza, ya Ridley Scott, ni kitu kingine. Ni filme ya kutisha, na ni filme ya kazi ya madini.

Watu 7 na paka mmoja wako ndani ya chombo kiitwacho Nostromo. Si wanajeshi, wala si wataalamu wa nyota. Ni wafanyakazi wa usafirishaji, na nyuma ya chombo wanavuta tani milioni 20 za mawe ya madini kuyapeleka duniani. Sawa dereva wa kamyo anayetoka Walikale, isipokuwa barabara yao haina matope. Katikati ya safari wanaamshwa: kuna ishara inatoka kwenye sayari fulani, inabidi washuke kuangalia. Mafundi wawili, Parker na Brett, wanauliza swali ambalo mfanyakazi yeyote angeuliza: na hiyo nani atatulipa? Wanajibiwa kwamba mkataba unasema anayekataa anapoteza malipo yake yote. Basi wanashuka. Mnyama anaingia. Baadaye kabisa, wakati wenzao wamekwisha kufa, wanagundua kwamba kampuni ilikuwa imetoa amri tangu mwanzo: mnyama aletwe, na wafanyakazi wakipotea si neno.

Hapo ndipo mimi niliacha kuogopa zimwi, nikaanza kuogopa karatasi.

(Aliyevaa ngozi ya zimwi lile alikuwa Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa akisomea sanaa London. Alikuwa mrefu sana na mwembamba, wakamkuta baa. Watu wa dunia nzima wamemwogopa Mwafrika huyu bila kujua jina lake.)

Jina Nostromo nalo lina safari. Ni jina la kitabu cha Joseph Conrad cha mwaka 1904, kinachohusu mgodi wa feza katika inchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini, na namna mgodi ule unavyoharibu kila anayeugusa. Conrad huyu alikuwa baharia. Mwaka 1890 alipanda mto Kongo kwa mashua ya mvuke hadi maporomoko ambayo leo ni Kisangani, akaona kazi ya watu wa mfalme Leopold, akarudi mgonjwa. Miaka kadhaa baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Mto Lowa, unaopita huku kwetu, unaingia Lualaba, na maji yake yanafika Kisangani. Kwa hiyo chombo cha angani kinachobeba mawe kilipata jina kwa mwandishi aliyeonja mto ambao maji yetu yanaingia. Sidhani watu wa filme walifikiri mbali hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Mwezi wa Agosti 2024, Alien ilipata mtoto mwingine: Romulus, ya Fede Álvarez, mtu wa Uruguay. Hii vijana wengi waliiona kwa simu. Binti anaitwa Rain, yuko katika koloni ya madini ya kampuni ile ile, fasi ambayo jua haliwaki. Wazazi wake walikufa kwa mapafu, kazi ya mgodi. Amemaliza masaa yote ya mkataba, anakwenda ofisini kuomba ruhusa ya kuondoka. Mwanamke wa ofisi anaangalia mashini, anamwambia masaa yameongezwa mara mbili kwa sababu wafanyakazi wamepungua. Arudi kazini, safari hii mgodini. Zimwi halijatokea bado, lakini niliyekuwa naangalia naye akasema basi, hiyo imetosha, tuzime.

Kwetu mwenye shimo anaitwa PDG, kama mkubwa wa kampuni ya Kinshasa. Mchimbaji mara nyingi anaingia shimoni akiwa na deni tayari: chakula, tochi, vyombo. Jiwe likitoka, deni linakatwa kwanza. Bei inapangwa fasi asiyowahi kufika. Walio wakubwa wanakumbuka mwisho wa mwaka 2000, bei ya coltan ilipopanda ghafla na vijana wakaacha masomo kukimbilia vilima. Kisha ikaanguka, na hakuna aliyekuja kueleza kwa nini. Na Bisie ya miaka ile, kabla ya kiwanda, wapagazi walibeba kasiterite kwa magunia ya kilo 50 mgongoni, wakivuka pori kwa mguu hadi Njingala. Kutoka hapo mawe yalikwenda Kilambo, ndege ilipokuwa inatua juu ya barabara. Nilipoona Dek amebeba Thia mgongoni, ndio nilikumbuka, ingawa ya sinema ni mepesi.

Leo machimbo ya Rubaya, ambayo tangu mwisho wa Aprili 2024 yako mikononi mwa AFC/M23, yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya coltan ya dunia. Kutoka kwenye coltan wanapata tantali, inayotumiwa kwa vipande vidogo sana vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Bisie ilitoa zaidi ya tani 17 000 za bati mwaka 2024, kama asilimia 6 ya bati ya dunia. Mwezi wa Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale-centre, kazi ilisimama, na Aprili ikaanza tena pole pole. Bati ndiyo inayounganisha vipande vyote vile juu ya kibao cha simu. Kwa hiyo anayeangalia Weyland-Yutani kwa simu, pengine ameshika mkononi jiwe lililopita kwa mikono ya jirani yake.

Wako waliojaribu kusimulia hadithi hii kutoka upande wetu. Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya mwaka 2021, inaanzia kwa wachimbaji wa coltan kule Burundi na inaingia mambo ya kompyuta na ndoto. Iliigizwa Rwanda, na Kiswahili kinasikika ndani yake. Si ya kutisha, na anayetafuta mapigano atalala. Lakini iko karibu nasi kuliko Congo, ile ya Hollywood ya mwaka 1995, iliyoleta sokwe wakali na kampuni inayotafuta almasi eti hapa Virunga, wakati sehemu yake ilipigwa Costa Rica.

Inafika namna gani, na kwa lugha gani?

Masisi na Walikale hakuna sinema ya kweli. Filme inafika kwa flash na kwa kadi ya simu, kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo tuseme wazi: mtu akikuuzia filme iliyoanza juzi tu kwenye sinema, itakuwa imepigwa kwa kamera ndani ya sale, utaona vichwa vya watu na utasikia mtu akikohoa. Nakala safi huwa zinatokea miezi kadhaa baadaye, filme ikiingia kwenye huduma za kulipia za intaneti. Na linki zinazosema "bonyeza hapa uione leo", kisha zinaomba namba ya siri ya Airtel Money ao M-Pesa, muziache. Ile ni wizi tu.

Kwa lugha, inatufikia kwanza kwa Kifaransa. Mama anayeuza makala mbele ya sale hatasikia neno. Tumezoea kutegemea majirani: wafasiri wa Uganda wanaoongea Kiganda juu ya sauti ya filme, wale wa Rwanda na agasobanuye zao kwa Kinyarwanda, na Watanzania, ambao marehemu Lufufu aliwafungulia njia kwa Kiswahili. Wafasiri hao wanaongeza chumvi, wanampa Arnold jina la kijiji, na watu wanacheka mahali ambapo Hollywood ilitaka walie. Mimi sioni ubaya. Lakini ikiwa Prey iliweza kuongea lugha ya Wacomanche toka mwanzo hadi mwisho, siku moja mtu mwenye mikro nzuri na ukimya wa saa mbili anaweza kukaa Masisi akaifasiri moja kwa Kihunde, ao Walikale kwa Kinyanga. Kazi hiyo haiombi pesa ya Hollywood.

Wazazi, neno moja. Marekani Badlands imewekwa katika daraja la miaka 13: chini ya hapo mzazi aangalie kwanza. Zile za zamani ni nzito zaidi. Katika Alien ya 1979 mnyama anatoka kifuani mwa mtu akiwa mezani anakula. Katika nyumba zetu kuna watoto waliokwisha kuona damu ya kweli njiani, na usiku wanashtuka hata mlango ukigonga. Mtoto wa namna hiyo usimpeleke kwa sale eti ajifunze ushujaa. Na usiku, wakati hali si nzuri, hata mkubwa arudi mapema.

Je, ni nzuri? Nina wasiwasi. Zimwi ukishalijua jina, ukajua baba yake anamdharau, ni vigumu kuliogopa tena. Labda ndiyo maana wameingiza kampuni: mtu apate cha kuogopa. Tukishaiona yote, bila grupe kuzimika, tutaisimulia hewani kwa Kiswahili, pamoja na mwisho wake.