Ng'ombe wa Gredi Hanunuliwi kwa Macho

Maonyesho ya kilimo yanapofika Kabiru-ini, nje kidogo ya mji wa Nyeri, uwanja wa mifugo huwa na watu wake. Friesian na Ayrshire walioogeshwa wakang'aa huzungushwa taratibu kwa kamba, mikia imechanwa, na mwamuzi huwapitia mmoja mmoja akitazama mgongo, miguu na kiwele. Wakulima kutoka Tetu, Mathira na Othaya huegemea ua wakibishana ni yupi atakayetwaa utepe. Ni burudani nzuri. Taabu huanza mtu anapotoka hapo akaenda kununua ng'ombe wa kukamua nyumbani kwa jicho lile lile.

Mwamuzi anapima umbo la siku ile. Mnunuzi anataka kujua ya kesho: lita ngapi zitaingia ndooni, kwa miaka mingapi, na kama yote hayo yatawezekana kwa majani ya nepia ya shamba la ekari moja. Ng'ombe mzuri wa gredi hugharimu zaidi ya shilingi laki moja, na familia nyingi hununua mmoja tu, tena kwa mkopo wa sacco. Akitokea kuwa hasara, hakuna wa pili wa kufidia.

Watu wa farasi wamelipia somo hili kwa bei ya kutisha. Mwaka 2006, huko Florida, farasi dume wa miaka miwili aliyeitwa The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16 baada ya kukimbia mita kama 200 kwa sekunde 9.8 mbele ya wanunuzi. Alishiriki mbio tatu maishani mwake, asishinde hata moja. Nusu karne kabla yake, mwaka 1956, mwalimu wa kupanda farasi Harry de Leyer alichelewa kufika mnadani Pennsylvania, akakuta farasi waliobaki wamekwisha kupakiwa kwenye lori la kichinjioni. Alimteremsha mmoja wa kijivu, aliyechakazwa na kazi ya kuvuta plau, akamlipia dola 80. Farasi huyo, Snowman, alikuja kuwa bingwa wa Marekani wa kuruka viunzi mwaka 1958 na 1959.

Mnunuzi wa ng'ombe ana nafuu kuliko hao. Moyo wa farasi haujulikani mpaka siku ya mashindano, lakini ng'ombe huacha ushahidi asubuhi na jioni. Kinachotakiwa ni kuutafuta ushahidi huo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Dalali hupenda kuanza na unene. Atampiga ng'ombe kibao cha mgongoni na kusema, "Mzee, mtazame alivyonona!" Hapo ndipo mnunuzi makini huanza kuwa na shaka. Ng'ombe wa maziwa aliyezaa miezi miwili iliyopita hutoa mwilini zaidi ya anachokula. Nyonga zake huonekana, mbavu zake zimeachana, na akitazamwa kutoka ubavuni ni mwembamba mbele na mpana nyuma kunakokaa tumbo na kiwele. Aliyenona mgongo mzima huku akidaiwa kutoa lita 20 kuna jambo halisemwi: ama lita hizo hazipo, ama amekaa muda mrefu bila kushika mimba na chakula kinageuka mafuta. Kukonda nako kuna mipaka. Nywele zilizosimama, macho makavu na uti wa mgongo uliochongoka ni dalili za minyoo au ugonjwa, na huyo si wa kusifiwa kwa maziwa.

Kisha kiwele. Kikubwa kinavutia, lakini ukubwa unaweza kuwa wa nyama tupu. Kiwele cha kazi hulegea na kukunjamana baada ya kukamuliwa, na ngozi yake huwa laini mkononi. Kinachobaki kimejaa vile vile kilivyokuwa kina nyama nyingi au kina makovu ya ugonjwa wa zamani. Chuchu nne zikaguliwe moja moja, kwa sababu robo iliyokufa haionekani kwa mbali. Ugonjwa wa kiwele pia una sura iliyojificha, ambapo maziwa ni meupe na ng'ombe hana homa, ila kila siku lita kadhaa zinapotea. Daktari wa mifugo ana kipimo rahisi cha ugonjwa huo: kisahani chenye vikombe vinne na dawa ya maji maji. Maziwa ya robo yenye ugonjwa yakichanganywa na dawa hiyo huwa mlenda palepale.

Hila kongwe ya sokoni ni kumwacha ng'ombe bila kukamuliwa jioni ya kuamkia siku ya mauzo. Mnunuzi hufika asubuhi akakuta kiwele kimetuna, maziwa yakidondoka yenyewe, na ndoo ikijaa mbele ya macho yake. Kumbe ni maziwa ya mikamuo miwili. Dawa yake ni kufika jioni. "Mama, mkamueni sasa hivi mpaka kiishe kabisa, nami nitarudi alfajiri." Mwenye ng'ombe mkweli hatakasirika. Kinachopatikana asubuhi hiyo, kikijumlishwa na cha jioni inayofuata, ndicho kipimo cha siku. Anayeshika chuchu awe mnunuzi mwenyewe angalau kwa dakika chache. Hapo atajua kama chuchu ni ngumu, na kama ng'ombe anapiga teke kila akiguswa na mgeni.

Hata kipimo hicho kisomwe pamoja na tarehe ya kuzaa. Maziwa hupanda mpaka kilele kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, kisha hushuka polepole hadi ng'ombe anapoachwa kukamuliwa, siku kama 60 kabla ya kuzaa tena. Lita 15 za mwezi wa pili na lita 15 za mwezi wa saba ni habari mbili tofauti kabisa, na ya pili ndiyo inayostahili pesa nyingi. Wafugaji wengi duniani hukadiria kwa njia ya mkato: zidisha lita za kilele kwa 200 upate maziwa ya msimu mzima wa siku 305. Ni makadirio, lakini yanasaidia.

Chukulia ng'ombe wawili. Wa kwanza hufika lita 22 kwa siku, lakini huzaa kila baada ya miezi 18. Wa pili hafiki hata 17. Kilele chake ni lita 16, ila huzaa kila miezi 13. Kwa hesabu hiyo ya mkato, wa kwanza hutoa lita 4,400 kwa siku 548, na wa pili lita 3,200 kwa siku 395. Ukigawanya, wote wawili wanakuja kwenye lita nane hivi kwa siku. Ndani ya miaka mitatu wa kwanza amezaa ndama wawili na wa pili anakaribia watatu, tena huyu wa pili anakula kidogo zaidi. Sokoni yule wa lita 22 ndiye atakayezungukwa na watu.

Kwa hiyo swali zito kuliko lita ni hili: amezaa lini na lini? Kadi ya uhimilishaji hujibu. Kila mbegu inapowekwa, mhimilishaji huandika tarehe na jina la dume, na mbegu nyingi za hapa nchini hutoka kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho tangu 2011 kinaitwa Kenya Animal Genetic Resources Centre. Kadi yenye tarehe nne zinazofuatana bila mimba ni onyo. Ng'ombe anayeuzwa kwa madai kuwa ana mimba ya miezi mitano apimwe na daktari kwa mkono. Baada ya miezi miwili mtaalamu hutambua bila shida. Ada ya daktari ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya ng'ombe, ila inashangaza ni wangapi huona ni afadhali kuiokoa.

Uzao una vitabu vyake. Kenya Stud Book ipo tangu 1920, na ng'ombe wa mkulima mdogo anaweza kuingizwa humo kwa ngazi ya chini kabisa, kisha watoto wake wakapanda kizazi baada ya kizazi hadi kuhesabiwa kuwa wa asili kamili. Cheti hicho husema ng'ombe ni mtoto wa nani. Hakisemi anatoa lita ngapi. Hilo linahitaji kumbukumbu za maziwa, na familia nyingi za Nyeri hazina zaidi ya stakabadhi za kiwanda. Hata hizo zina faida. Mkulima anayepeleka maziwa kwa Mukurwe-ini Wakulima Dairy au kwa chama cha ushirika ana karatasi za kila mwezi, na mwenye ng'ombe mmoja hawezi kudanganya sana, maana kilichopimwa kimeandikwa. Ongeza tu ya chai na ya ndama.

Mama yake akiwa bado zizini, atazamwe yeye kabla ya binti. Tofauti za maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe hutokana na damu kwa takribani robo hadi theluthi tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni chakula, afya na matunzo. Mama aliyezaa mara sita na bado anatembea vizuri ni ushahidi mzito kuliko rangi nyeusi na nyeupe iliyopangika vizuri, ambayo haihusiani na maziwa hata kidogo.

Damu yenyewe huficha mambo. Dume la Kimarekani lililoitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, lililozaliwa mwaka 1962, lilikuwa fahari ya Friesian wa nchi ile: mabinti 16,000, wajukuu nusu milioni, maziwa kwa mapipa. Baadaye sana wanasayansi waligundua kuwa lilibeba kasoro ambayo ndama akiirithi kutoka kwa baba na mama pia hufa tumboni. Makadirio ni kwamba imesababisha mimba zaidi ya nusu milioni kuharibika duniani. Kwa Chief mwenyewe haikuonekana popote. Ndiyo maana jina la dume kwenye kadi si pambo, hasa katika vijiji ambako fahali mmoja wa jirani amepanda mama, binti na mjukuu.

Kuna kasoro nyingine ya kuzaliwa ambayo madalali wanaijua vizuri kuliko wanunuzi. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa mara tisa au zaidi katika kumi, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni. Kwa nje ni mtamba wa kupendeza, mara nyingi amenenepa kuliko wenzake kwa sababu hazai. Muuzaji aulizwe waziwazi kama mtamba huyo alikuwa pacha, na jirani aulizwe pia.

Umri uko mdomoni. Ng'ombe hana meno ya mbele juu; huhesabiwa manane ya chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa hutoka akikaribia miaka miwili, na yote manane huwa yametimia akiwa na miaka minne au mitano. Baada ya hapo ni kuangalia yalivyolika. Anayeitwa "mzao wa pili" huku meno yake yamekuwa vigutu ni bibi.

Na hata ng'ombe asiye na doa anaweza kushindwa kwa sababu ya anakokwenda. Nyeri ni kaunti mbili katika moja: upande wa Tetu, Othaya na Mukurwe-ini mvua hunyesha na nepia husimama, huku Kieni, iliyo kwenye kivuli cha mvua kati ya Mlima Kenya na Aberdare, Januari hugeuka vumbi. Friesian wa kilo 500 huhitaji nepia mbichi kilo 70 hadi 80 kwa siku na maji lita 80 au zaidi akiwa kwenye maziwa mengi. Alizoea chakula cha dukani kilo nane? Akipewa mbili, lita zitashuka kufuata ndoo ya chakula. Mtu wa Naro Moru, huko Kieni, anayechota maji kwa punda angefikiria Jersey, mwenye kilo kama 400 na maziwa mazito yenye mafuta. Hadhi ya Friesian mtaani imewafilisi wengi.

Kupe nao hawaangalii bei. Ng'ombe aliyelelewa zizini bila kuumwa na kupe hana kinga ya ndigana, na akipelekwa Laikipia au kwenye joto la Kirinyaga ya chini bila kuogeshwa wala kuchanjwa anaweza kufa ndani ya wiki chache. Kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya daktari wa mifugo hutakiwa na sheria, na kukifuata kuna faida moja ya ziada: mtaalamu atamwona ng'ombe kabla hajapanda lori. Mtaalamu huyo aulizwe pia habari za brusela, ugonjwa unaotupisha mimba, maana ng'ombe aliyetupa mimba mara mbili huuzwa haraka.

Muuzaji anapoulizwa sababu ya kuuza, karo ya shule na bili ya hospitali ni majibu ya kweli mara nyingi. Wa kuthibitisha yupo, naye ni mhimilishaji wa eneo hilo. Anazunguka vijiji vyote kwa pikipiki na mtungi wa mbegu nyuma, anajua boma gani alirudi mara tatu kwa ng'ombe yule yule, ndama yupi alikufa na kiwele kipi kilitibiwa mwaka jana. Namba yake iko kwenye kadi.