Kunguni-ngao wa Kijani: Maisha ya Mdudu na Mipaka ya Jina Lake

Utangulizi

Mwaka 1758 Linnaeus alimwainisha mdudu mmoja mharibifu wa mimea kwa jina la Cimex viridulus. Neno la kwanza lilimweka katika jenasi moja na kunguni wa kitandani. La pili, lenye asili ya Kilatini, lilitaja rangi yake ya kijani. Baadaye alihamishiwa katika jenasi nyingine, na leo anaitwa Nezara viridula. Asili yake hudhaniwa kuwa Afrika Mashariki au maeneo ya Mediterania, ingawa sasa ameenea katika nchi nyingi zenye joto, akishambulia maharage, soya, nyanya, pamba na makadamia. Makala haya yanaeleza maisha ya mdudu huyo na kuonyesha kwamba jina "kunguni-ngao wa kijani", likitumiwa peke yake katika ushauri wa kilimo, huacha nje sehemu kubwa ya maisha hayo.

Umbile na ukuaji

Ngao inayotajwa katika jina ni bamba la pembetatu lililo mgongoni. Kwenye ukingo wake wa mbele huwa na vidoa vitatu vyeupe. Mdudu mpevu ana urefu wa takribani milimita 12 hadi 17, na akiguswa hutoa harufu kali.

Jike hutaga mayai kwa safu zilizoshikamana, aghalabu upande wa chini wa jani. Hakuna hatua ya kiwavi wala ya pupa: katika yai hutoka tunutu, ambaye hujivua ngozi mara tano kabla ya kupevuka. Tunutu wa hatua ya kwanza hukusanyika juu ya maganda ya mayai bila kula. Katika hatua zinazofuata huwa weusi wenye madoa meupe, na rangi ya kijani hujitokeza baadaye. Penye majira ya baridi, wapevu wengi hugeuka kahawia wanapojificha, kisha hurudia ukijani wao joto linaporejea.

Madhara na maadui

Mdudu huyu huchoma mbegu changa kwa mdomo mwembamba kama sindano, hutia mate yanayoyeyusha chakula, kisha hufyonza. Tundu linalobaki ni dogo mno, hivyo ganda la maharage laweza kuonekana zima ilhali mbegu zimesinyaa.

Miongoni mwa maadui wake ni kijinyigu kiitwacho Trissolcus basalis, ambacho hutaga ndani ya mayai yake na kuyaangamiza. Mwaka 1933 kilipelekwa Australia kutoka Misri kwa kazi hiyo. Viuatilifu vinavyoua wadudu wa kila aina huweza kumwangamiza pia mshirika huyu wa mkulima.

Hitimisho

Mkulima aliyeambiwa atafute mdudu wa kijani anaweza kuwapita tunutu weusi waliojaa shambani mwake, au kuwadhania kuwa ni wadudu wengine. Kwa hiyo istilahi moja haitoshi. Miongozo ya Kiswahili inapaswa kutaja mayai, tunutu na mpevu kila mmoja kwa sura yake, na kumpa jina kijinyigu anayestahili kuhifadhiwa. Adui asiye na jina hupuliziwa dawa kwa kubahatisha. Rafiki asiye na jina hufa pamoja naye.