Akiba na Amana: Utoaji wa Mafaili ya Tovuti kwa Mfano wa Ghala la Ujiji

Tarehe 23 Oktoba 1871 David Livingstone alifika Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na taabani, akitumaini kuzikuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa kuzitunza, jina lake Sherif, alikuwa amekwisha kuziuza zote, yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za ushanga. Udhuru wake ulikuwa kwamba alitazamia kwa msahafu akaona mwenye mali amekufa.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kuwa utangulizi tu wa kufika kwa Stanley muda mfupi baadaye. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine. Katika kutafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza jinsi tovuti zinavyotoa mafaili yake, nimeona kwamba ghala lile lafafanua jambo hili kuliko tafsiri nyingi tulizo nazo.

Yafaa kwanza nieleze jambo lenyewe. Mafaili tuli ni yale yasiyotungwa upya kila yanapoombwa, kama vile picha, nembo, au hati iliyokwisha kupigwa chapa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kiasi cha kilomita 1,250 kwa njia ya reli, na seva nyingi ziko mbali zaidi ya hapo, huko Ulaya au Marekani. Ili ombi lisisafiri njia yote hiyo kila mara, nakala huwekwa karibu na muombaji, ama katika kivinjari cha kompyuta yake, ama katika ghala la pamoja ambalo mwenye tovuti amelikodi. Mafundi huiita nakala hiyo kache. Nembo ya tovuti haina siri. Yaweza kupewa muda wa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima, na ikibadilishwa hupewa jina jipya. Hapo hapana ugomvi.

Ugomvi waanza faili linapokuwa na mwenyewe. Tuseme watu wawili wamo katika duka moja la intaneti hapo Ujiji. Wa kwanza aingia kwa neno lake la siri, aomba hati yake ya matokeo ya mtihani, apewa, aondoka. Ghala la pamoja limekwisha kuweka nakala. Wa pili aomba kwa anwani ile ile bila neno la siri lolote. Ghala latazama anwani, laiona nakala, lampa. Hapana aliyevunja mlango. Ghala halikujua tu kwamba kitu kile kilikuwa cha mtu.

Kanuni za kache zilizotolewa mwaka 2022, zijulikanazo kwa namba RFC 9111, zakataza ghala la pamoja kuweka jibu la ombi lililobeba utambulisho katika sehemu yake rasmi, isipokuwa seva imeruhusu waziwazi. Lakini tovuti nyingi haziitumii sehemu hiyo. Humtambua mtu kwa kuki, na kuki haimo katika katazo hilo. Basi seva isiposema neno, ghala laweza kuweka.

Seva yaweza kusema kwamba jibu ni la mtu mmoja, na ghala la pamoja likaliacha. Hata hivyo kivinjari bado chaweza kuliweka, na katika duka la intaneti kivinjari kimoja hutumiwa na watu wengi kwa siku. Kanuni yadhani kwamba kila mtu ana kompyuta yake. Dhana hiyo haikutoka Ujiji. Kwa hati za siri hapana budi kuamuru zisiwekwe kabisa.

Njia nyingine ni kuweka, lakini kuuliza kila mara kabla ya kutoa. Ghala lapeleka swali pamoja na utambulisho wa muombaji. Seva ikiridhika naye, na faili likiwa halikubadilika, yajibu kwa namba 304, na faili lenyewe halisafiri tena. Sherif hakungoja jibu la Unguja. Aliamua kwa ramli yake.

Wako pia wanaotenga hakimu na hamali: programu yakagua ruhusa, kisha yaiagiza seva ya mbele itoe faili kutoka mahali pasipofikika kwa anwani ya nje. Wengine humpa muombaji barua yenye muhuri na mwisho wa muda, na ghala lenyewe lasoma muhuri. Njia hii ni nyepesi mno, ila barua ikipita mkononi mwa mwingine naye atapewa, na ruhusa ikifutwa barua haiitiki nyuma. Kwa hiyo muda wake uwe wa dakika, si wa siku.

Sasa nije kwenye maneno. Baadhi yetu hutafsiri kache kwa neno hifadhi, nalo halisemi kitu kimehifadhiwa kwa ajili ya nani. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo wazi zaidi. Akiba ni ya yule aliyeiweka, naye humpa amtakaye. Amana ni mali ya mwingine. Mtunzaji hana idhini ila ya kumrudishia mwenyewe au aliyetumwa naye. Nembo ya tovuti ni akiba. Hati ya mtihani ni amana, na kosa la duka lile ni kosa la kuitendea amana kama akiba. Mabenki yamekwisha kulichukua neno amana kwa fedha za wateja, lakini sioni kwamba matumizi hayo yatatuzuia. Kache naliachia mafundi liwe jina la chombo. Ninayotaka kuyatenga ni majina ya vilivyomo.