Kupandishwa cheo hakupunguze mshahara: tusome vizuri karatasi ya malipo

Watoto wengi wa Dilolo wanatumika ku mine za Kolwezi. Wakipata konje, wanarudi nyumbani kwa njia ya Mutshatsha na Kasaji, na jioni mazungumzo hayakosi kufika ku mshahara. Njo vile ndugu mmoja, shofere wa lori kubwa ya mine, alituambia kama alikataa kuwa shefu wa ekipi. Tukamuuliza sababu. Akajibu: « Wakiniongeza, naingia ku transhi ya 30 kwa mia. Nitapata kidogo kuliko sasa. Afazali nibakie vile niko. »

Sisi badelege wa sendika tunasikia maneno haya kila mara. Mmoja anakataa cheo, mwingine anakimbia saa za nyongeza. Woga wao unatoka kwa kosa moja: wanafikiri transhi inakamata mshahara wote. Haiko hivyo. Kila transhi inakamata tu sehemu ya pesa iliyoingia ndani yake.

Mwaka 2023 kodi ya mshahara tuliiita IPR. Patron anaikata mbele ya kutulipa, kisha anaipeleka kwa DGI. Inahesabiwa juu ya pesa inayobaki nyuma ya kutoa 5 kwa mia ya CNSS. Katika bareme ya mwaka 2023, kwa mwezi, ilikuwa hivi:

– mpaka 162.000 FC: 3 kwa mia;
– toka hapo mpaka 1.800.000 FC: 15 kwa mia;
– toka hapo mpaka 3.600.000 FC: 30 kwa mia;
– zaidi ya hapo: 40 kwa mia.

Tufikirie bidoni ine zilizopangwa kwa mstari. Mshahara unajaza kwanza bidoni ya kwanza. Ikijaa, maji yanamwangika ndani ya ya pili, kisha ya tatu. Serikali inachota kidogo ku ya kwanza na zaidi ku ile inayofuata. Lakini maji yakifika ku bidoni ya tatu, hakuna mtu anayerudi kuchota tena ku zile mbili za kwanza.

Sasa tufanye hesabu ya yule shofere. Tuseme pesa yake ya kukatwa kodi iko 1.800.000 FC. Bidoni ya kwanza: 3 kwa mia ya 162.000 ni 4.860. Ya pili: 15 kwa mia ya 1.638.000 ni 245.700. Jumla 250.560 FC. Anabakia na 1.549.440.

Akiwa shefu wa ekipi, anafika 2.000.000. Zile 200.000 za juu peke yake njo zinakatwa 30 kwa mia, ni kusema 60.000. Kodi yote inakuwa 310.560, naye anabakia na 1.689.440 FC. Amepata 140.000 zaidi kila mwezi. Yeye alifikiri watamkata 600.000. Ukiangalia mshahara mzima, kodi yake haifike hata 16 kwa mia.

Kwa hiyo tusiogope transhi. Lakini kuna mambo mawili ambayo kweli yanatuondolea pesa, na watu hawayaangalie.

La kwanza ni watoto. Mwaka 2023 sheria ilipunguza IPR 2 kwa mia kwa kila mtu wa familia tunayemlisha, mpaka watu 9. Mwenye bibi na watoto 4 alipunguziwa 10 kwa mia: ku ile kodi ya 250.560, ni 25.056 FC kila mwezi. Tumeona karatasi za wababa wa watoto sita zimeandikwa « 0 », kwa sababu vyeti vya kuzaliwa vilibakia Dilolo ndani ya sanduku. Wanaorudi kazini wabebe kopi, wazipeleke ku biro ya watumishi, na waombe akize ya kupokea.

La pili ni dola. Mikataba mingi ya mine inaandikwa kwa dola, lakini transhi ziko kwa franga. Mwaka 2023 franga ilianguka, toka karibu 2.000 kwa dola moja mpaka kupita 2.500. Mwenye dola 800 za kukatwa kodi alikuwa na 1.600.000 FC: kodi 220.560, karibu dola 110. Franga ilipofika 2.500, dola zilezile 800 zikawa 2.000.000 FC: kodi 310.560, karibu dola 124. Hakupandishwa cheo, hakuongezwa hata dola moja, lakini aliingia ku transhi ya tatu. Hiyo haiko kosa la patron wala la mwenye kuhesabu. Ni bareme ambayo haikufuata franga, na kuibadilisha ni kazi ya sheria. Njo maana sendika zinapaswa kubeba jambo hili mpaka kwa wabunge wetu.

Yule ndugu tulimwandikia hesabu nyuma ya karatasi yake ya malipo. Aliisoma mara mbili, akanyamaza. Nafasi ile ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.

Kwa wengine, wakati ungali. Mbele ya kukataa cheo ao saa za nyongeza, leteni karatasi ya malipo kwa delege wenu. Hesabu hii inakamata dakika kumi.