Je, Wajua? Vitambaa Vilivyoshitaki Udikteta

Nchini Chile, chini ya utawala wa Jenerali Pinochet, picha za kushonwa kwa mkono zilisafirishwa ng'ambo kwa siri.

Baada ya mapinduzi ya 1973 yaliyomweka Pinochet madarakani, wanawake wa Santiago ambao waume na wana wao walikamatwa wasionekane tena walikutana kushona arpillera: picha za viraka vilivyoshonwa juu ya gunia. Kanisa Katoliki liliwasaidia kuziuza, wakapata pesa za chakula. Wakishona, walisimuliana yaliyowafika.

Tazama moja kwa karibu. Juu, milima ya Andes. Chini, vijisanamu vya kitambaa vimezunguka sufuria ya jiko la pamoja. Baadhi ya viraka vilikatwa kwenye nguo za waliopotea!

Ufundi wenyewe ulikuwa umeshafika mbali hata kabla ya mapinduzi: mwaka 1964, mwanamuziki wa Chile Violeta Parra alionyesha arpillera zake katika jumba la Louvre, Paris.